JIKO, KITABU NA TELEVISHENI



Katika darsa ya mwezi uliopita tuliulizwa na mmoja wa wenzetu: Je, kutazama televisheni nyumbani siku ya Jumapili kwafaa au hakufai? Tulimjibu kwa ufupi, ya kwamba hukumu yafuata kile kinachotazamwa, na kile kinachoachwa kwa ajili yake. Tuliporudi nyumbani tukaona jawabu lile halikutosha. Kabla ya kuuliza ni nini kinachotazamwa ukumbini, yatupasa kuuliza ni nani aliye jikoni, na yuko huko tangu saa ngapi.

Sote twaijua Jumapili ya nyumba zetu. Mbaazi zimerowekwa tangu Jumamosi usiku, na unga wa mahamri umekandwa kwa tui na iliki na hamira, ukafunikwa uumuke. Baada ya sala ya alfajiri mama huingia jikoni, akasukuma, akakata, akakaanga. Kabla hajaketi akanywa chai yake, wakati wa biriani umekwisha fika. Na biriani, kama ajuavyo kila aliyepata kuishika, si chakula cha haraka: nyama ilowe katika mtindi na tangawizi na thomu, vitunguu vikaangwe mpaka viwe vyekundu wala visiungue, viazi vikaangwe mbali, wali uchemshwe mbali na kunyunyizwa zaafarani. (Wako wasemao kwamba pilau ni nyepesi. Hao hawajapata kuchambua mchele.) Chakula kikisha kuliwa kuna masinia na masufuria ya kuosha, na baada ya alasiri wageni huja, nao hawawezi kupewa chai tupu.

Ama baba, yeye huwa ameketi na rimoti mkononi, akingoja mpira wa Uingereza. Watoto wako pembeni, kila mmoja na simu. Vitabu viko kabatini nyuma ya kioo, vimepangwa vizuri, na aghlabu ya siku hufunguliwa kwa kupanguswa tu.

Hatusemi haya kwa kuwacheka wengine. Kabati letu sisi wenyewe lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa kanzu yetu, kwa khofu ya watoto kurarua kurasa. Jumapili moja tulikuwa tumeketi tukiisoma Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, tafsiri iliyotoka kamili mwaka 1969, mke wetu akapita na mikono yake imejaa unga. Akasema: "Maalim, kitabu hicho wakisoma kila siku. Mimi mara ya mwisho kukishika ni nilipokipangusa vumbi."

Tulidhani ni mzaha. Siku ya pili yake tukahesabu, tukaona ya kuwa Jumapili ile aliingia jikoni saa kumi na mbili za asubuhi, akatoka saa saba na nusu. Mtu huyu ndiye mwalimu wa kwanza wa watoto wetu. Atawasomesha nini, na yeye mwenyewe hana saa moja ya kusoma katika siku ambayo twaiita ya mapumziko?

Wala asiseme mtu kwamba kitabu si kazi ya mwanamke. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Bibi Shifaa binti Abdillahi alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, naye Mtume (s.a.w.) aliijua khabari hiyo, wala hakuikataza, bali alimtaka amfundishe na kisomo cha kuponya maradhi kama alivyomfundisha maandishi. Nyumba iliyo bora kuliko zote ilikuwa na mwanamke anayefundishwa kalamu, nasi twaona kabati lenye kufuli latosha.

Turudi kwenye televisheni. Kenya ilianza kuwa nayo mwaka 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970. Tangu hapo hapajakosekana sheikh wa kuikemea. Sisi nasi tulipokuwa vijana tuliwashauri watu waitoe majumbani, na wengine, Mwenyezi Mungu awalipe, walitutii. Twakiri leo kwamba shauri lile lilikuwa na upungufu. Watoto walikwenda kutazama kwa jirani, mahali ambapo baba na mama hawapo. Kisha zikaja simu, na kila mmoja akawa na televisheni yake chini ya mto wa kulalia. Tulitoa kitu nyumbani bila kutia kingine mahali pake.

Leo twaona lililo baya zaidi ni kuiacha ikisema tangu asubuhi mpaka usiku, hata wakati wa kula. Biriani iliyompa mtu kazi ya saa sita huliwa kwa robo saa, macho yako ukutani, wala hapana amwambiaye mpishi neno. Huo ni upungufu wa adabu kabla hatujafika kwenye mambo ya halali na haramu.

Nyumbani kwetu twajaribu jambo hili kwa mwezi wa tatu sasa. Biriani imekuwa ya Jumapili moja katika mwezi. Nyingine ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mmoja wa jamaa alituuliza, wageni watasema nini? Wamekwisha kusema, na bado waja. Televisheni huzimwa mpaka baada ya alasiri, kisha twatazama pamoja na kuulizana tulichokiona. Kabati halina kufuli. Na kule jikoni mtu mmoja husoma kwa sauti na wengine wakifanya kazi. Tulianza na Uwongozi, kitabu cha makala za Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui kilichotoka mwaka 1944, zile alizokuwa akizitoa katika Sahifa tangu mwaka 1930. Makala zake ni fupi, moja huisha kabla vitunguu havijawiva, na Kiswahili chake watoto hukistaajabia. Kijana wetu wa miaka tisa alikuwa akikwama kila mstari. Sasa akwama kila ukurasa.

Sisi tulipewa nazi. Siku ya kwanza tulikaa juu ya mbuzi tukakuna mpaka kifuu, tui likatoka rangi ya majivu, na mama mkwe wetu akauliza ni nani aliyetia vumbi katika chakula. Mkono umekwisha kuzoea, alhamdulillahi.

Jumapili iliyopita alisoma mke wetu, katika tafsiri ya hadithi. Akafikia ile aliyoipokea Bukhari, ambapo Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, naye akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, mpaka ukifika wakati wa sala akatoka. Akakifunga kitabu kwa kidole chake ndani, akauliza: "Maalim, miaka yote hii mwasomesha msikitini. Hadithi hii mliisomesha lini?"

Hatukuwa na jawabu, na nazi ya tatu ilikuwa bado.