Alama ya Milivolti Moja: Kuisoma Karatasi ya ECG Kabla ya Kuusoma Moyo

Pembeni mwa karatasi ya ECG, aghalabu upande wa kushoto kabla mapigo hayajaanza, huonekana umbo dogo mfano wa mlango mwembamba: mstari hupanda wima, hutembea kidogo, kisha hushuka. Umbo hilo halitoki mwilini mwa mgonjwa. Ni ishara iliyotengenezwa na mashine na kupachikwa ndani ya mkondo uleule unaobeba ishara za moyo, nayo hurudiwa bila mabadiliko katika kila kipimo. Wasomaji wengi wa ECG huirukia moja kwa moja mistari ya moyo na kuiacha alama hiyo. Hapo ndipo makosa mengine huanzia.

Umeme unaofika juu ya ngozi kutoka moyoni ni mdogo mno, wa kiasi cha milivolti moja hivi. Mashine hulazimika kuukuza ndipo uonekane. Sasa, ishara ikishakuzwa, mtazamaji atajuaje imekuzwa mara ngapi? Njia ni kuweka kando yake kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kama muuza nguo anavyoweka futi kando ya kitambaa. Willem Einthoven, mtaalamu wa Leiden nchini Uholanzi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake juu ya ECG, aliisawazisha mashine yake ili milivolti moja isogeze mstari kwa milimita 10. Kanuni hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo, pamoja na kasi ya karatasi ya milimita 25 kwa sekunde.

Katika mashine za kisasa moyo hugeuzwa kuwa namba. Tuchukue mashine inayochukua sampuli 500 kwa sekunde, ambayo kila hatua moja ya namba zake ni sawa na mikrovolti 5. Ili kuchora alama ya milivolti moja kwa muda wa sekunde 0.2, programu huingiza katika mkondo namba 200 ikirudiwa mara 100, kisha hurudi kwenye sifuri. Mfululizo huo hupita katika njia ileile ya uchapaji inayopitiwa na namba za moyo. Kwa hiyo kipimo kikipunguzwa nusu, alama nayo hupungua nusu. Ikiwa sawasawa, itakuwa na urefu wa miraba midogo 10 na upana wa miraba midogo 5.

Kipimo hupunguzwa kwa sababu halali. Mawimbi yakiwa makubwa mno hupandana, hivyo mhudumu, au mashine yenyewe, huchagua milimita 5 kwa milivolti. Pengine hupunguzwa mistari ya kifua peke yake, na hapo alama huchorwa kama ngazi: kidato kirefu na kidato kifupi. Hatari ipo kwa asiyeitazama. Fikiria mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu la miaka mingi. Kwa kipimo kamili, wimbi la S katika V1 lina milimita 15 na la R katika V5 lina milimita 24, jumla 39. Kwa kigezo cha Sokolow na Lyon, jumla ya 35 au zaidi huashiria kunenepa kwa ventrikali ya kushoto. Moyo huohuo ukichapwa kwa nusu kipimo utatoa 19.5, na mgonjwa ataambiwa hana tatizo. Vivyo hivyo, mnyanyuko wa ST wa milimita moja, unaoweza kuwa dalili ya mshtuko wa moyo, utabaki nusu milimita na kupita bila kuonekana. Kinyume chake pia hutokea: mawimbi ya moyo mzima yakafupishwa hata msomaji akashuku maji yaliyozunguka moyo.

Kasi nayo ina mtego wake. Karatasi ikikimbia milimita 50 kwa sekunde, mapigo 80 kwa dakika yatahesabiwa kuwa 40 na mtu anayetumia kanuni ya kugawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa. Katika mashine nyingi alama ya kipimo hapo itakuwa na upana wa miraba midogo 10 badala ya 5.

Siku hizi karatasi nyingi husomwa kwenye simu. Mhudumu wa kituo cha afya hupiga picha na kumtumia daktari aliye mbali. Kuikuza picha hakudhuru, kwa kuwa alama na miraba hukua pamoja. Kinachodhuru ni kuikata pembeni, maana kinachokatwa kwanza ni alama pamoja na maandishi ya kipimo na kasi. Tuma karatasi nzima, kingo zake zote zikionekana.

Hata hivyo tusiipe alama hii sifa isiyo yake. Katika mashine ambazo programu huipachika baada ya ishara kugeuzwa namba, alama haipiti kwenye waya wala vibandiko vya kifuani. Yaweza kuwa safi kabisa huku waya za mikono zimebadilishana, au kikuza ishara kimeharibika. Sehemu hizo fundi huzipima kwa kifaa kinachoigiza mapigo, kinachounganishwa mahali pa mgonjwa. Tahadhari hiyohiyo ihusu monita zenye hali ya mafunzo, ambamo mapigo ya kubuni hurudiwa skrini nzima: kabla ya kumwunganisha mgonjwa, hakikisha hali hiyo imezimwa.

Kwa mgonjwa anayesoma haya: mashine ya ECG hupokea umeme wa moyo wako, haikupigi umeme, na alama tuliyoieleza haipiti mwilini mwako. Tunza karatasi zako za zamani, kwa maana daktari hulinganisha ya leo na ya jana. Nyingi huchapwa kwa joto na hufifia zikikaa juani, kwa hiyo toa nakala mapema, na mwombe anayetoa nakala asiikate ile pembe yenye mlango mdogo.