Chokoleti Isiyo na Sukari: Kemia ya Utamu na Chakula cha Mgonjwa wa Kisukari

Ugonjwa wa kisukari humtaka mgonjwa aishi kwa kipimo. Anachokula, saa anayokula na kiasi anachokula ni mambo yanayopaswa kulingana na dawa anayotumia. Masharti hayo huwa mazito zaidi kwa kijana, ambaye katika sikukuu na arusi huona wenzake wakigawiwa vitu vitamu, naye akatakiwa kukaa kando. Ndiyo maana chokoleti zilizoandikwa kwamba hazina sukari, ambazo siku hizi huuzwa katika maduka ya miji mikubwa, hupokewa kwa furaha. Ndugu humnunulia mgonjwa kwa nia njema, na mgonjwa huzila bila wasiwasi.

Je, wasiwasi huo umekwisha kweli? Maneno yaliyoandikwa juu ya karatasi ya kufungia hayatoshi kulijibu swali hili. Hapana budi kujua ni kitu gani kilichoondolewa katika chokoleti, ni kitu gani kilichotiwa mahali pake, na jinsi mwili unavyokipokea kitu hicho kipya.

Sukari katika damu

Vyakula vya wanga, kama ugali, wali na mihogo, huvunjwavunjwa tumboni hata vikawa glukosi. Sukari ya mezani, ambayo jina lake katika kemia ni sukrosi, huvunjwa na kimeng'enya cha utumbo mwembamba, ikatoa sehemu moja ya glukosi na sehemu moja ya fruktosi. Glukosi huingia katika damu, na kutoka humo hupita katika seli ili itumike kuwa nishati. Kwa seli nyingi za mwili, hasa za misuli na za mafuta, insulini ndiyo inayofungua mlango huo.

Insulini hutengenezwa katika kongosho. Mwaka 1889, Joseph von Mering na Oskar Minkowski, waliokuwa wakifanya kazi Strasbourg, walionyesha kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupatwa na kisukari. Mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kupata dondoo ya insulini huko Toronto, Kanada, na mwezi Januari 1922 mgonjwa wa kwanza alidungwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu.

Mgonjwa ambaye insulini yake haipo, au ipo lakini haifanyi kazi ipasavyo, hubaki na glukosi nyingi katika damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni dalili ya kisukari iwapo damu iliyopimwa kabla mtu hajala kitu ina glukosi ya milimoli 7.0 au zaidi katika kila lita. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na mishipa ya damu.

Chokoleti ni kitu gani?

Chokoleti hutokana na mbegu za mkakao, mti ambao asili yake ni misitu ya Amerika ya joto. Katika Tanzania mti huo hulimwa zaidi wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Uganda hulimwa Bundibugyo. Mbegu huchachushwa, hukaushwa, hukaangwa, kisha husagwa. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, yanayoitwa siagi ya kakao. Mwaka 1828, van Houten wa Uholanzi alipewa hataza ya mtambo wa kukamua mafuta hayo, na kilichobaki ndicho unga wa kakao. Baadaye, mwaka 1847, kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ilichanganya unga, sukari na siagi ya kakao, ikapata chokoleti ya kula iliyomiminwa katika kalibu.

Kakao yenyewe ni chungu. Utamu wa chokoleti hutokana na sukari inayotiwa, nayo mara nyingi hukaribia nusu ya uzito wote. Siagi ya kakao huyeyuka katika joto la sentigredi 34 hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili; ndiyo sababu chokoleti huwa ngumu mkononi kwa muda mfupi, lakini huyeyuka kinywani.

Pengo linaloachwa na sukari

Mtu aweza kufikiri kwamba kazi ni rahisi: itolewe sukari, kitiwe kitu kingine kitamu. Hesabu ifuatayo yaonyesha ugumu wake. Tuseme gramu 100 za chokoleti zina gramu 45 za sukari. Dondoo la majani ya stevia, mmea wa Paraguay, lina utamu unaozidi ule wa sukari mara 200 hadi 300. Tukichukua mara 250, utamu wa gramu 45 za sukari utapatikana kwa:

45 ÷ 250 = gramu 0.18 tu.

Gramu nyingine 44.82 zimekwenda wapi? Utamu umerudi, lakini umbo halikurudi. Sukari katika chokoleti hutia utamu na pia hujaza nafasi, na chembe zake zilizosagwa laini ndizo zinazoipa chokoleti mwili wake. Kwa hiyo mtengenezaji hutafuta kitu kikavu kinachosagika, chenye utamu wa kadiri, ambacho hakiinui sana glukosi ya damu. Aghalabu kitu hicho ni sukari-alkoholi, na pengine huongezwa inulini, ambayo ni unyuzi wa chakula unaotolewa katika mizizi ya mmea wa chikori.

Sukari-alkoholi

Jina hili lisimtie mtu hofu: si pombe, wala halileweshi. Katika kemia, alkoholi ni kundi la michanganyiko yenye oksijeni na haidrojeni zilizoshikamana kwa namna maalumu na kaboni. Maltitoli, ambayo hutumiwa sana katika chokoleti, hutengenezwa kwa kuongeza haidrojeni katika maltosi, sukari inayotokana na wanga wa mahindi au wa nafaka nyingine. Nikeli hutumika kama kichocheo:

C₁₂H₂₂O₁₁ + H₂ → C₁₂H₂₄O₁₁

Kwa njia hiyo hiyo glukosi hugeuka kuwa sorbitoli. Badiliko ni dogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba huivunja maltitoli polepole, tena si yote. Sehemu iliyobaki hushuka katika utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha. Katika kipimo ambacho glukosi hupewa 100 kwa wepesi wake wa kuinua sukari ya damu, sukrosi hupata karibu 65, na maltitoli karibu 35. Hapa pana jambo la kukumbukwa: 35 si sifuri. Maltitoli huinua glukosi ya damu, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Eritritoli, ambayo nayo ni sukari-alkoholi, ina tabia nyingine: sehemu kubwa yake hufyonzwa na kutolewa katika mkojo bila kubadilika, na karibu haina nishati yoyote kwa mwili.

Mambo manne ya kuangaliwa

Kwanza, nishati. Gramu moja ya sukari hutoa kilojuli 17, ya sukari-alkoholi kwa wastani kilojuli 10, na ya mafuta kilojuli 37. Chukua chokoleti yenye gramu 45 za sukari na gramu 35 za mafuta. Sukari hutoa kilojuli 765, na mafuta 1,295, jumla 2,060. Mahali pa sukari ikitiwa maltitoli ya uzito uleule, jumla huwa 450 + 1,295, yaani kilojuli 1,745. Upungufu ni asilimia 15 hivi. Mgonjwa aliyeagizwa kupunguza uzito asidhani kwamba amepewa ruhusa ya kula mara mbili.

Pili, tumbo. Sukari-alkoholi isiyofyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo kwa osmosisi, na bakteria wanapoichachusha hutoa gesi. Mtu aliyekula nyingi hujaa tumbo na kuhara. Ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya hudai chakula kilichotiwa sukari-alkoholi zaidi ya asilimia 10 kiandikwe onyo kwamba kikiliwa kupita kiasi chaweza kuharisha. Mgonjwa atumiaye metformini, dawa ambayo yenyewe huweza kusumbua tumbo, hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

Tatu, figo. Wagonjwa wengi wa kisukari hupatwa baadaye na ugonjwa wa figo, na hao huweza kuagizwa wapunguze potasiamu na fosforasi. Kakao ina madini hayo kwa wingi. Gramu 100 za chokoleti nyeusi zaweza kuwa na miligramu 700 za potasiamu. Kuondoa sukari hakuondoi potasiamu. Tena, chokoleti nyeusi zaidi, ambayo husifiwa kwa kuwa na sukari kidogo, ndiyo yenye kakao nyingi zaidi. Chakula kinachomfaa mgonjwa mmoja chaweza kumdhuru mwingine.

Nne, na hili ni la hatari zaidi: kushuka kwa sukari. Mgonjwa aliyedungwa insulini akichelewa kula, glukosi yake yaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na hata kuzirai. Wakati huo huhitaji upesi gramu 15 hivi za glukosi au sukari, kwa mfano vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, mradi awe ana fahamu na aweza kumeza. Chokoleti isiyo na sukari haimfai hata kidogo. Chokoleti ya kawaida nayo haifai sana, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hiyo darasani yafaa alijue jambo hili mapema. Asiyekuwa na fahamu asilishwe kitu chochote kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Kusoma lebo

Kwa kanuni za Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, chakula huweza kuitwa kisicho na sukari iwapo sukari yake haizidi gramu 0.5 katika gramu 100. Maneno "haikuongezwa sukari" yana maana nyingine: chokoleti ya maziwa iliyoandikwa hivyo bado huwa na laktosi, sukari ya maziwa.

Tuseme lebo ya gramu 100 yasema: kabohaidreti gramu 50, katika hizo sukari gramu 0.4 na sukari-alkoholi gramu 40. Wataalamu wengi wa lishe huhesabu nusu tu ya sukari-alkoholi. Basi 50 − 20 = gramu 30. Mgonjwa anayekula kipande cha gramu 25 atahesabu robo yake, yaani gramu 7.5 za kabohaidreti, na ataziweka katika hesabu ya mlo wake kama anavyohesabu kipande cha kiazi.

Njia nyingine isiyo na gharama kubwa ni unga wa kakao usiotiwa sukari, ukakorogwa katika maziwa ya moto. Hata hapo, kikombe cha mililita 200 za maziwa kina gramu 10 hivi za laktosi, nazo zihesabiwe. Huko Uingereza, tangu mwaka 2016 haikubaliki tena kuuza chakula kwa jina la chakula maalumu cha wagonjwa wa kisukari. Sababu ni kwamba wagonjwa hawa hawahitaji vyakula vya pekee, bali mlo bora uleule unaowafaa watu wote, kwa kiasi kinachopimwa.

Jaribio la darasani

Chukua neli nne za majaribio. Ya kwanza tia myeyuko wa glukosi. Ya pili, myeyuko wa sukari ya mezani. Ya tatu, myeyuko wa sukari ya mezani uliochemshwa kwa dakika chache na matone ya asidi haidrokloriki hafifu, kisha asidi ikaondolewa nguvu kwa sodiamu haidrojeni kaboneti. Ya nne, myeyuko wa sorbitoli kama inapatikana. Ongeza myeyuko wa Benedict katika kila neli, uzipashe moto katika maji yanayochemka. Ya kwanza na ya tatu hugeuka rangi ya matofali. Ya pili na ya nne hubaki buluu.

Sukrosi iliyovunjwa na asidi imetoa glukosi na fruktosi, kama ifanyavyo tumboni. Sorbitoli imepoteza lile kundi la atomu ambalo Benedict hulitambua.

Maswali

1. Kwa nini gramu 0.18 za dondoo la stevia haziwezi peke yake kuchukua nafasi ya gramu 45 za sukari katika chokoleti?
2. Chokoleti ina gramu 36 za maltitoli na gramu 38 za mafuta. Hesabu nishati inayotokana na vitu hivyo viwili.
3. Eleza, kwa kutumia osmosisi, sababu ya mtu kuhara baada ya kula sukari-alkoholi nyingi.
4. Mwanafunzi mwenye kisukari anatetemeka na kutoka jasho, lakini ana fahamu. Mwenzake ana chokoleti isiyo na sukari, na jikoni mwa shule kuna sukari. Apewe nini, na kwa nini?