Nailoni ya Dari Iwekwe Upande wa Chumba

Kati ya Juni na Agosti, familia nyingi za Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za baridi huko Nyandarua huamka asubuhi na kukuta dari limelowa, ilhali mvua haikunyesha usiku. Fundi huitwa kuziba matundu ya misumari kwenye mabati, lakini baada ya siku chache matone hurudi. Maji hayo hayatoki nje. Yanatoka ndani ya nyumba.

Kupika, kuchemsha maji, kuanika nguo ndani na hata pumzi za waliolala huongeza mvuke hewani. Mvuke huo hupanda, hupenya darini na kukutana na mabati yaliyopoa. Hapo hugeuka maji, kama inavyotokea chini ya kifuniko cha sufuria.

Wanaokarabati nyumba za zamani huongeza pamba ya glasi juu ya dari ili kuhifadhi joto. Kosa hutokea nailoni inapotandazwa juu ya pamba hiyo. Mvuke hunaswa chini ya nailoni, pamba hulowa na kushindwa kuhifadhi joto, mbao huoza, na ukungu huwasumbua hasa watoto na wenye pumu.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Paa linalovuja lizibwe, mbao zilizooza zibadilishwe, na zilizolowa ziachwe zikauke kabisa.
2. Nailoni nzito itandazwe kati ya mbao za dari na pamba, yaani upande wa chumba ulio na joto. Vipande vipishane kwa sentimita 15 na kuunganishwa kwa utepe. Matundu ya nyaya za stima yazibwe.
3. Pamba ilazwe juu ya nailoni bila kushindiliwa. Isifunikwe kwa nailoni nyingine.
4. Kati ya pamba na mabati ibaki nafasi ya angalau sentimita 5. Matundu ya hewa kwenye kingo za paa yawekwe wavu wa kuzuia panya, yasizibwe.

Nyumba iliyozibwa vizuri haipitishi hewa kama zamani. Kwa hivyo dirisha lifunguliwe wakati wa kupika, na jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini.