Daftari la Ukumbusho

SOMA KWA AJILI YA SOMO LA JUMA HILI: Lk. 17:11–19, Yos. 4, Zab. 77, Flp. 4:4–8, 1 The. 5:18, Mal. 3:13–18.

FUNGU LA KUKARIRI: Zaburi 103:2. Familia nzima ilikariri pamoja, watoto wadogo wakiwamo.

SABATO MCHANA

Katika mitaa ya Mbagala, Chamazi au Bunju, familia nyingi zina jina lao katika daftari la dukani. Mangi huandika kila kitu: sukari nusu kilo, mafuta ya kupikia, mkate, tarehe na kiasi. Mwisho wa mwezi ukizuka ubishi, daftari ndilo linaloamua.

Ni nyumba ngapi zenye daftari la mambo ambayo Mungu amezitendea? Deni la sukari linaandikwa. Homa ya mtoto iliyoshuka usiku wa manane haiandikwi, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka ilikuwa lini. Somo la juma hili linahusu familia inayoona, inayoshukuru na inayoandika.

JUMAPILI: Kuona Kwanza

Soma Luka 17:11–19. Wakoma wote kumi walitakaswa wakiwa njiani. Luka anaeleza kwamba mmoja wao aligeuka kurudi baada ya kuona kuwa amepona. Wote walikuwa na ngozi mpya, lakini shukrani ya huyu Msamaria ilianzia machoni.

Mzazi anayefanya kazi Kariakoo na kuishi Chamazi huamka saa kumi alfajiri, huwaacha watoto ndani ya chandarua, na hurudi usiku baada ya foleni, watoto wamekwisha kulala. Anaweza kumaliza juma zima bila kumwona mwanawe akicheka. Hata siku anayokuwapo nyumbani, simu ipo mkononi. Si mzazi mbaya, amechoka. Lakini atashukuruje kwa kitu ambacho hakukiona?

Siku hizi mafundisho ya kutuliza akili yameenea: keti kimya, fuatilia pumzi, iache akili iwe tupu. Kukaa kimya si dhambi, na mwili uliochoka unahitaji kupumua. Hata hivyo, tafakari ya Biblia huijaza akili. Katika Zaburi 77 Asafu anayataja matendo ya Bwana, na katika Wafilipi 4:8 Paulo anaorodhesha mambo ya kufikiriwa. Anayetafakari hivyo yuko mbele za Mungu anayemsikia.

Ni jambo gani dogo ulilomwona mtu wa nyumbani mwako akifanya jana? Kama hukumbuki, kwa nini?

JUMATATU: Mawe Kumi na Mawili

Soma Yoshua 4:1–9, 19–24. Mungu hakuridhika Israeli wakumbuke moyoni tu. Mtu mmoja wa kila kabila aliagizwa kuchukua jiwe katikati ya Yordani, mahali miguu ya makuhani iliposimama. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali ili watoto wayaone na kuuliza.

Angalia utaratibu huo: mtoto anauliza, ndipo mzazi anasimulia. Ibada nyingi za jioni hugeuza mpango huu, mzazi akahubiri dakika arobaini na mtoto akasinzia. Daftari lililowekwa juu ya kabati hufanya kazi ya mawe yale. “Mama, hapa umeandika maji yametoka. Yalikuwa yamekatika siku ngapi?” Hapo masimulizi yanaanza yenyewe.

JUMANNE: Andika, Utunze

Kati ya mwaka 1931 na 1958 mwandishi Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuhusu mambo ya familia na kazi. Zilitunzwa, na mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mwandishi, zilichapishwa kitabu. Ujumbe wa simu hauna maisha hayo. Simu ikiibwa kwenye daladala, umekwenda nayo.

Mwaka 2003 watafiti Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wao. Baadhi ya wanafunzi wa chuo waliandika kila juma mambo ya kushukuru, wengine mambo yaliyowaudhi. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi. Ni vizuri kulijua hilo, ingawa mwanafunzi wa chuo Marekani na mama wa watoto wanne anayedaiwa kodi ya miezi sita Mbagala hawaandiki daftari moja. Huyo mama anahitaji somo la kesho.

JUMATANO: Juma Lisilo na cha Kushukuru

Soma Zaburi 77:1–10. Asafu hapati usingizi. Anamuuliza Mungu waziwazi kama amesahau fadhili zake. Maswali hayo hayakufutwa. Yamo katika kitabu kilekile chenye zaburi za shukrani.

Fikiria nyumba ambayo baba amepoteza kazi, umeme umekwisha, na chakula ni uji jioni ya tatu mfululizo. Jioni hiyo baba anaamuru iandikwe kwamba siku imekuwa njema. Mtoto anaandika, lakini anajua si kweli. Amejifunza kwamba mbele za Mungu watu huandika uongo, na hilo atalikumbuka kuliko njaa yenyewe.

Katika 1 Wathesalonike 5:18 Paulo anaagiza shukrani, na neno la Kigiriki alilotumia lina maana ya “ndani ya” kila hali. Hatulazimiki kushukuru kwa sababu ya kufukuzwa kazi. Tunaweza kushukuru, katikati ya hali hiyo, kwa jirani aliyeleta kibaba cha unga. Na kama siku hiyo hakuna aliyeleta, iandikwe tarehe na swali la Asafu. Ukurasa huo ni ibada.

Je, watoto wako wamewahi kukusikia ukimlalamikia Mungu katika sala?

ALHAMISI: Namna ya Kuanza

Daftari la shule latosha. Ijumaa jua linapozama, familia inapofungua Sabato, kila mmoja ataje jambo moja aliloliona. Bibi asiyejua kuandika aseme, mjukuu aandike. Neno “afya” halitoshi. “Mguu wa bibi umepungua uvimbe” linatosha. Ukurasa wa kushoto uwe wa maombi na malalamiko, wa kulia wa shukrani. Mengine ya kushoto yatakaa miaka bila mwenzake upande wa kulia. Yaachwe hapo.

Siri ya mtu isiandikwe bila ruhusa yake. Wala ukurasa usipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la kanisa.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Malaki 3:13–18. Wakati wengine wakisema kumtumikia Mungu ni kazi bure, waliomcha Bwana walizungumza wao kwa wao. Bwana akasikiliza, na kitabu cha ukumbusho kikaandikwa mbele zake.

MASWALI YA KUJADILI:

1. Kitabu cha Malaki kilitanguliwa na mazungumzo. Familia ambayo wazazi hurudi usiku itazungumza lini? Darasa litoe mapendekezo yanayowezekana, si ya kupendeza tu.

2. Kuna tofauti gani kati ya malalamiko ya Asafu na manung'uniko ya Israeli jangwani?

3. Mshiriki mmoja wa darasa lenu hana kazi. Ni jambo gani mtakalofanya juma hili ambalo watoto wake wanaweza kuliandika upande wa kulia?