Uzalendo si Kumchukia Jirani

Maneno mawili huchanganywa mara nyingi, nayo ni uzalendo na utaifa. Mzalendo huipenda nchi yake kama mtoto ampendavyo mama. Katekisimu ya Kanisa huliweka pendo hilo chini ya Amri ya Nne, kwa kuwa nchi imetulea, nasi tuna deni kwake. Utaifa ukipita kiasi husema neno jingine: mtoto wa mama mwingine hana haki humu.

Tutazame Isevya, mtaa wa Tabora. Mji huo ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wanyamwezi walikaa humo pamoja na Wamanyema kutoka Kongo, watu wa pwani na Waarabu. Ukitaka kuwatenga wenyeji na wageni, utaanzia nyumba ipi?

Swali la namna hiyo liliikabili TANU ilipokutana Tabora Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mpango huo haukuwa wa haki, na wengi walitaka kuususia. Mwalimu Julius Nyerere aliwasihi waingie katika uchaguzi, na mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu akajitenga, akaunda chama kilichodai Afrika iwe ya Waafrika tu. Hatusemi Mtemvu hakuipenda Tanganyika. Twasema tu kwamba pendo lake lilijengewa ukuta. Oktoba 1961, wengine walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alikataa kwa ukali Bungeni: uraia usimame juu ya uaminifu kwa nchi.

Basi, tujipime. Mzalendo huuliza, “Nina deni gani kwa nchi hii?” Hulipa kodi, hutunza mali ya wote, na huukemea uovu wa nchi yake kwa sababu aipenda. Mwenye utaifa wa majivuno huuliza, “Nani afukuzwe?”

Enyi wazazi, mtoto akimwita mwenzake mgeni kwa sababu ya jina la babu yake, msicheke. Mrudini siku hiyo hiyo. Bwana wetu aliulilia Yerusalemu, mji wa taifa lake. Lakini alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria.