Matangazo ya Redio Bila Leseni: Nguvu Ndogo na Mipaka Yake

Mwanafunzi aliyekwisha kuunda redio ya kupokea kwa mkono wake mwenyewe hakawii kumjia mwalimu na swali la pili: je, naweza kuunda mtambo wa kurushia? Kwa upande wa ufundi, jibu ni rahisi mno. Transista moja, koili ya mizunguko michache, kapasita mbili tatu na betri ya volti 9 hutosha kuifanya sauti isikike katika redio iliyo chumba cha pili. Ugumu umo katika upande mwingine wa swali, yaani mawimbi hayo yakishatoka yanakwenda wapi, na ni nani aliyekuruhusu kuyatoa.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, kijana wa Kidato cha Tatu aliwasha mtambo wa namna hiyo jioni, akafurahi kuisikia sauti yake bwenini. Hakujua kwamba katika nyumba za walimu taarifa ya habari ilikuwa imekwisha kuzama chini ya mluzi. Ilituchukua siku mbili kumtambua mhusika, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kuamini.

Serikali karibu zote humtaka arushaye mawimbi awe na leseni. Hata hivyo, baadhi ya nchi zimeacha upenyo mdogo kwa mitambo ya nguvu hafifu. Upenyo ulio mkongwe na unaojulikana zaidi ni ule wa Marekani, nao unafaa kuchunguzwa darasani kwa sababu kila tarakimu iliyomo ndani yake inaweza kupimwa kwa fizikia ya sekondari.

Mwaka 1938 Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ya Marekani ilikubali kwamba vyombo vidogo, kama vile vinanda vya santuri vilivyorusha sauti hadi kwenye redio ya sebuleni bila waya, visihitaji leseni. Sharti lilikuwa kwamba nguvu ya uga wa umeme isizidi mikrovolti 15 kwa mita, ikipimwa kwa umbali ulio sawa na urefu wa wimbi ukigawanywa kwa 2π. Kwa masafa ya kilohezi 1,600, ambako urefu wa wimbi ni mita 187.5, umbali huo ni karibu mita 30. Kanuni hizo zimerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na mwaka 1989 ziliandikwa upya kwa kiasi kikubwa. Leo zinajulikana kama Sehemu ya 15 ya kanuni za Tume hiyo. Zinamruhusu mtu kujiundia nyumbani vyombo visivyozidi vitano kwa matumizi yake mwenyewe, maadamu haviuzi.

Juu ya masharti ya vipimo yapo masharti mawili yanayotawala mengine yote. Kwanza, mwenye mtambo asiingilie mawasiliano ya mwenye leseni. Akiingilia, azime, hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi. Pili, yeye akiingiliwa avumilie, wala hana pa kulalamika. Kwa maneno mengine, Sehemu ya 15 haimpi mtu haki yoyote juu ya masafa. Inamvumilia tu.

Upande wa FM

Kati ya megahezi 88 na 108, kanuni ya Marekani inasema nguvu ya uga isizidi mikrovolti 250 kwa mita, ikipimwa mita 3 kutoka kwenye mtambo. Huo ni uwezo wa wati ngapi? Mahali pa wazi, nguvu ya uga E kwa umbali d kutoka kwenye mtambo unaotoa wati P pande zote sawa ni kipeuo cha pili cha 30P, kigawanywe kwa d. Tukitafuta P tunapata takriban nanowati 19, yaani sehemu 19 kati ya sehemu bilioni moja za wati. Simu ya mkononi ya mtindo wa GSM inaweza kutoa hadi wati 2, ambazo ni kama mara milioni mia moja ya kiasi hicho.

Uga huo hupungua kwa kadiri umbali unavyoongezeka: mita 30 ni mikrovolti 25, mita 60 ni mikrovolti 12.5. Tume yenyewe hukadiria kwamba matangazo hayo yanafaa kusikilizwa hadi kiasi cha futi 200, yaani mita 60 hivi. Fundi hodari na fundi mbovu hapa wako sawa, maana kinachopimwa ni kile kinachotoka. Ukiboresha eriali, utalazimika kupunguza nguvu.

Nchi nyingine zimefika karibu na hapo kwa njia zao. Katika Ulaya kikomo kinachopendekezwa kwa vyombo vya FM vya namna hii ni nanowati 50, na Uingereza ilivihalalisha mwezi wa Desemba mwaka 2006. Japani ilikuwa na kikomo cha mikrovolti 15 kwa mita kwa umbali wa mita 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Tokyo, wakihimizwa na mwanafalsafa Tetsuo Kogawa, walianzisha vituo vidogo vingi vya ujirani chini ya kikomo hicho. Mji ule umesongamana hata sauti ifikayo mita mia chache hupata wasikilizaji, nao waliweza kuja kwa miguu hadi mlangoni mwa studio na kujiunga na mazungumzo. Baadaye kikomo kiliandikwa kuwa mikrovolti 500 kwa umbali wa mita 3. Mwanafunzi azidishe 500 kwa 3 na kugawanya kwa 100, aone kama ni kanuni mpya kweli.

Upande wa mawimbi ya kati

Hapa ndipo penye utamu. Kati ya kilohezi 510 na 1,705, Sehemu ya 15 inatoa njia isiyopima uga kabisa. Inasema tu kwamba umeme unaoingia katika hatua ya mwisho ya mtambo usizidi miliwati 100, na kwamba eriali, pamoja na waya wa kuilisha na waya wa ardhi, isizidi mita 3 kwa urefu. Mengine ameachiwa fundi.

Mita 3 ni kitu gani mbele ya wimbi la mita 187.5? Eriali ya wima iliyo kamili ingehitaji robo ya wimbi, yaani karibu mita 47. Ukinzani wa mnururisho wa eriali fupi, ule unaogeuza mkondo wa umeme kuwa mawimbi, ni takriban 395 mara mraba wa uwiano wa kimo kwa urefu wa wimbi. Kwa mita 3 tunapata ohmu 0.1 tu. Tena eriali fupi hivyo ni kama kapasita ya pikofaradi 30 hivi, ambayo kwa kilohezi 1,600 huukwamisha mkondo kwa kiasi cha ohmu 3,300. Kuuondoa mkwamo huo kunahitaji koili ya mikrohenri 330 chini ya eriali. Koili nzuri ya ukubwa huo ina ukinzani wake wa ohmu 10 au zaidi, na ardhi nayo inaweza kuongeza ohmu 15.

Basi tuhesabu. Kati ya miliwati 100, tuseme 70 zinafika kwenye eriali. Kati ya ohmu 25 za jumla ni 0.1 tu inayofanya kazi tunayoitaka. Kwa hiyo kinachoruka hewani ni miliwati 0.28. Zilizosalia zinapasha moto koili na udongo.

Lakini fundi akisuka koili kwa waya mnene na kutandaza nyaya nyingi za shaba ardhini chini ya eriali, akapunguza ukinzani wa jumla kutoka ohmu 25 hadi 12.5, mnururisho huongezeka maradufu bila kuvunja sheria, na umbali wa kusikika huongezeka karibu mara 1.4. Mashabiki wa Marekani wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, na wenye subira hufikisha sauti mita mia kadhaa. Wapo waliojaribu njia ya mkato: waliweka mtambo juu ya mlingoti na kuteremsha waya mrefu hadi ardhini, wakidai kwamba huo ni waya wa ardhi na si eriali. Fizikia haiujui mpaka huo, maana waya wowote wenye mkondo hunururisha. Ndiyo sababu kanuni imeuhesabu waya wa ardhi ndani ya zile mita 3, na wenye hila hiyo wameandikiwa maonyo.

Mtu wa Afrika Mashariki aongeze jambo moja. Radi za ukanda wa ikweta hujaza mawimbi ya kati kwa mikwaruzo, na jioni ya masika, mita mia kadhaa za Mmarekani zingeweza kupungua sana.

Iko pia njia ya shule na vyuo. Mwaka 1936 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Brown, George Abraham na David Borst, waliunganisha mabweni kwa nyaya na kuanzisha redio ya chuo. Mfano huo ulienea, na vyuo vingi vikawa vinapitisha mawimbi katika nyaya za umeme za majengo. Kanuni za leo zinawaruhusu, mradi nje ya mpaka wa chuo uga usizidi kikomo cha kawaida.

Kwa nini ukali wote huu?

Juu tu ya FM, kuanzia megahezi 108, ndipo yalipo masafa ya vyombo vinavyomwongoza rubani kwenye uwanja wa ndege, na kuanzia 118 ndipo anapozungumza na mwongozaji wa ardhini. Ule mtambo wa transista moja hautulii mahali pamoja: ukiusogezea mkono, masafa yake huhama, betri ikichoka, huhama tena. Aidha hutoa mawimbi ya ziada katika masafa yasiyokusudiwa, ambayo mwenyewe hawezi kuyasikia kwa redio ya kawaida. Marekani kwenyewe, anayerusha matangazo bila leseni nje ya vikomo hivi anaweza, kwa sheria ya mwaka 2020, kutozwa hadi dola 100,000 kwa siku.

Wala kanuni za Marekani hazivuki bahari. Nchini Tanzania matumizi ya masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano iliyoanzishwa mwaka 2003, na sheria inayotumika ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya nayo ina mamlaka yake. Chombo kilichonunuliwa dukani chenye alama ya kuidhinishwa ng'ambo hakijaidhinishwa hapa kwa sababu hiyo. Shule inayotaka kurusha chochote ipeleke barua kwanza na kungoja jibu la maandishi.

Zoezi lisilohitaji idhini

Darasa linaweza kujifunza mengi ya haya bila kutoa wimbi lolote la redio. Chukueni waya wa shaba wenye rangi ya kuhami, kipenyo cha milimita 0.5, muuzungushe mara tatu ukutani kuzunguka darasa la mita 7 kwa 8. Zitatumika mita 90, na ukinzani wake ni karibu ohmu 8. Uungeni kwenye kikuza sauti mahali pa spika ya ohmu 8, kisha mcheze muziki kwa sauti ya chini. Sukeni koili ndogo ya mizunguko mia kadhaa juu ya msumari mnene, muiunge kwenye tundu la maikrofoni la kikuza sauti kingine chenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Anayetembea na koili ndani ya darasa atausikia muziki kwa usumaku tu, na sauti itapanda na kushuka kadiri anavyoigeuza. Atoke sasa mlangoni, ahesabu hatua hadi muziki upotee, na wenzake wachore jedwali la sauti dhidi ya umbali. Kisha walinganishe: je, unafifia taratibu kama uga wa FM tulioukokotoa hapo juu, au kwa haraka zaidi?