Fimbo Hukumbukwa, Hesabu Husahaulika

Saa kumi na moja alfajiri kituo cha Mbagala Rangi Tatu kimeshachangamka. Wanafunzi wa Chamazi na Mbande wamefika kwa miguu au kwa bodaboda, na sasa wanagombea daladala ambayo konda wake anaona heri mtu mzima mmoja wa nauli kamili kuliko sare mbili za shule. Upande wa pili wa jiji, Bunju na Boko, hali ni hiyohiyo. Mtoto ataingia darasani ameshakimbia, ameshasukumwa, ameshafokewa, na pengine ameshachelewa. Getini yupo mwalimu wa zamu. Kipindi cha kwanza ni hisabati.

Matokeo yakija mabaya, nyumbani huulizwa swali moja tu: huyu mtoto ana akili au hana? Swali hilo halitufikishi mbali. Linalofaa kuulizwa ni mwili wake ulikuwa katika hali gani wakati anafundishwa, kwa sababu ubongo unaojifunza ndio huohuo unaolinda uhai, na kazi hizo mbili haziendi vizuri kwa pamoja.

Mfumo wa fahamu una upande ambao haungoji amri yetu. Lori likikukosakosa Barabara ya Kilwa, hukai ukatafakari: moyo unapiga mbio, pumzi inakatika, jasho linatoka, nawe umesharuka mtaroni. Tezi ndogo zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu. Nyuma yake inafuata kortisoli, homoni inayokwenda polepole zaidi, ambayo hufikia kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa mwili wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliieleza hali hiyo kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, tawi jingine la upande huohuo hushika usukani, na mwili ukatulia.

Msongo wenyewe si adui. Ule mdogo, wa kujua kuwa Ijumaa kuna jaribio, humwamsha mtoto na kumfanya afungue daftari. Taabu huanza pale kengele ya hatari inapolia kutwa bila kuzimwa. Ndani ya ubongo kuna kifundo kidogo mfano wa lozi, amigdala, ambacho ndicho hupiga kengele hiyo. Jirani yake ni hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa umbo lake, na hiyo ndiyo inayosaidia kutia mambo mapya katika kumbukumbu. Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya kupanga, kujizuia na kushika mambo machache kichwani kwa wakati mmoja: kubeba moja, kukumbuka kanuni, kufuata sentensi ya mwalimu. Hofu ikizidi, sehemu hii ya mbele hulegea na amigdala hutawala.

Sasa fikiria fimbo. Tukio la kutisha huwa na nguvu ya kipekee katika kumbukumbu, kwa kuwa homoni za hofu zenyewe humsaidia mtu asilisahau. Lakini kinachohifadhiwa ni kile kilichotisha. Mtoto aliyechapwa mbele ya ubao atakumbuka sauti ya mwalimu, rangi ya fimbo, na vicheko vya dawati la nyuma. Moja ya kumi gawanya kwa mbili ya tano haimo. Wazazi wengi wa rika langu husema, "Sisi tulichapwa na tukafaulu." Kweli, wapo waliofaulu. Waliochapwa wakaacha shule hawapo mezani kutoa ushahidi.

Uhusiano huu wa adhabu na masomo umepimwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Tobias Hecker lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 409 wa shule ya msingi nchini, wenye wastani wa umri wa miaka kumi na nusu. Ukali wa adhabu uliambatana na huzuni na wasiwasi, na hivyo navyo viliambatana na udhaifu katika ile kumbukumbu ya kushika mambo machache kwa muda, na pia katika maendeleo ya darasani. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kuwa kimoja kilisababisha kingine, ila unakubaliana na tunachokijua kuhusu ubongo. Miaka miwili baadaye Mabula Nkuba, wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe, Temeke, pamoja na wenzake, walieleza jaribio la kuwafundisha walimu wa sekondari za serikali mbinu za nidhamu zisizo na kipigo. Miezi kadhaa baada ya mafunzo, walimu na wanafunzi kwa pamoja walisema ukatili ulikuwa umepungua.

Mzazi ajue na kanuni. Viboko bado vimeruhusiwa shuleni, lakini haviruhusiwi kwa kila mtu wala kwa kila kosa: mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Kukosa jibu la hesabu si utovu wa nidhamu. Mzazi ana haki ya kwenda kuuliza, kwa adabu, na kuomba aoneshwe daftari hilo.

Tugeukie nyumbani, maana hatuwezi kumtupia mwalimu kila kitu huku kitanda kiko kwetu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kijana wa 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetoka tuisheni, akafua sare, akalala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri, amelala saa tano tu. Na usingizi si mapumziko matupu. Wakati huo hipokampasi hurudia yaliyotokea mchana na kuyakabidhi kidogo kidogo kwenye gamba la ubongo yakae. Kumkatia mtoto usingizi ili asome zaidi ni sawa na kuteka maji bombani halafu ukayaacha kwenye ndoo iliyotoboka.

Najua kulala mapema Tandale au Tandika si suala la nia tu. Kuna baa ya jirani, kuna ngoma ya kigodoro mtaa wa pili, kuna joto la Januari na umeme uliokatika. Kelele za usiku zipelekeni serikali ya mtaa, tena mkiwa kaya kadhaa. Mlalamikaji mmoja huitwa mkorofi. Simu ya mtoto ilale chumba kingine. Mtoto anayeishi mbali na shule apunguziwe tuisheni ya jioni kabla ya kupunguziwa usingizi, hata kama mwenye tuisheni atanuna. Asubuhi apate chochote tumboni, hata uji mwepesi: ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hula karibu moja ya tano ya nguvu zote za mwili.

Namna ya kujisomea nayo ina siri yake. Kusoma daftari mara tano mfululizo humpa mtu hisia ya kujua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke huko Marekani walionesha kuwa waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi wakipimwa dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki moja walishindwa na wale waliofunga karatasi na kujipima. Basi mtoto afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifungue ajisahihishe. Arudie kesho, arudie baada ya siku tatu, arudie wiki ijayo. Mama anayekaanga vitumbua, hata kama hakufika kidato cha kwanza, anaweza kusema, "Hebu nieleze hiyo usanisinuru ni nini." Aelezwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili akaingia sekondari ya Kiingereza anabeba lugha na somo kwa wakati mmoja, na akielewa maana kwanza, mzigo hupungua.

Ipo pia siku ile akili inapogoma ndani ya chumba cha mtihani, wakati jana usiku kila kitu kilikuwepo. Si uvivu, na si lazima awe amerogwa. Mwaka 2000 watafiti wa Zurich waliwapa watu wazima kidonge cha kotisoni, ndugu wa ile kortisoli, saa moja kabla ya kuwapima, na wakashindwa kukumbuka baadhi ya maneno waliyojifunza siku iliyotangulia. Wasiwasi hufanya kitu kinachofanana na hicho. Dawa yake ni ndogo: weka kalamu chini, vuta pumzi puani kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi. Kutoa pumzi kwa urefu huamsha neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo. Kisha anza na swali jepesi. Mazoezi haya yaanze nyumbani mapema. Asubuhi ya mtihani si wakati wa kujifunza kupumua.

Si kila mtoto anayeshindwa ana msongo. Mpime macho na masikio. Anayezubaa sekunde chache mara kwa mara, macho yamekodoa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa inayotibika, naye huchapwa kwa "kutokuwa makini". Lakini tumbo linalouma kila Jumatatu, kitanda kilicholoana tena baada ya miaka mikavu, usingizi uliopotea zaidi ya wiki mbili, au neno lolote kuhusu kutaka kufa, ni safari ya hospitali. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali za rufaa za mkoa, Temeke na Mwananyamala, zinapokea wagonjwa wa afya ya akili, na Muhimbili ipo kwa wenye hali ngumu zaidi. Mtoto anayepigwa kupita kiasi, nyumbani au shuleni, anaweza kupiga 116 yeye mwenyewe, au ukapiga wewe kwa niaba yake. Simu hiyo haitozwi.